Uso Ulioufundisha Kucheka

Saumu mwanangu,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Hali yako sikuulizi, nimeiona asubuhi hii ulivyokuwa unakoroga chai kama vile imekukosea. Yangu usiniulize, itajitokeza yenyewe huko chini. Watu wenye adabu zao huanza na salamu za ndugu na majirani. Mimi naanza na mama yako, maana ndiye aliyenitia kwenye taabu hii ya kuandika.

Mchana huu tulikuwa tunakula wawili tu, wewe umeshaondoka kwenda Mwera, mimi nikidhani unakwenda kumuaga bibi yako. Mama yako hagusi chakula. Ananitazama kwa lile jicho lake la kupima kitambaa.

"Baba Saumu, mwanao hendi."

"Hendi wapi? Si nimemwona kwa macho yangu anapanda bodaboda?"

"Udachini hendi, Ujerumani huko. Kaniambia jana. Ati mzee hajaridhia, alimwona analia siku ile alipotupa habari. Anasema hapandi ndege akiwa hana radhi ya babake."

"Mama Saumu, miye nalia kila nikila. Mtaa wote unajua. Paka wanajua."

"Aliliona jicho zima likilia," akasema, akainuka na sahani zake.

Kwa hiyo nimekuja kinyozini, nimerudisha mlango, nimewaambia wateja leo kila mtu abaki na nywele zake, na ninakuandikia nyuma ya karatasi za kalenda ya zamani. Ukikuta mistari inateremka upande mmoja kama uso wangu, nivumilie. Mimi na shule tuliachana darasa la tano, na hakuna kati yetu aliyemlilia mwenzake.

Ningekwambia kwa mdomo, lakini huu mdomo unaujua. Nikianza neno la maana, nusu yake inafanya mzaha na nusu nyingine haifanyi kitu. Karatasi haina misuli. Hapa huwezi kunisoma mashavu ukaniamulia ninalofikiri. Na mambo ya sweta, soksi na kupiga simu ukifika, mama yako atakwambia mpaka uombe basi liondoke kabla ya saa yake. Mimi nataka nikurudishe nyuma kidogo, kwenye uso huu.

Ulikuwa darasa la pili. Niliamka asubuhi, nikasukutua, maji yakanitoka pembeni kama bomba lililopasuka. Nikaenda kwenye kioo. Upande wa kushoto ulikuwa umeteremka wote, shavu limelala, jicho limekataa kufumba. Nikajaribu kupiga mluzi, ukatoka upepo mtupu. Mama yako alikuja, akanitazama, akasema, "Acha mchezo, bwana, watoto wachelewa shule." Alidhani naigiza! Ndivyo nilivyokuwa nimemzoesha.

Maana kuiga nyuso ndiyo ilikuwa sifa yangu. Mteja akishatoka, nageukia kioo nawaonyesha waliobaki uso wake: yule anayefumba macho wembe ukikaribia koo, yule anayejitazama kidevu kama anakiposa. Watu walikuja kwangu wasio na hata unywele wa kukata. Basi uso ulipoanguka, hukumu ikapita mtaani siku hiyohiyo: kinyozi kapigwa kibao na jini, kauchezea uso mno, wenyewe wameuchukua. Mwalimu wa chuo cha Kurani akaniandikia kombe, aya kwenye sahani kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji, nikalinywa. Bibi yako akaja kutoka Mwera na mafuta ya mbarika, akanikanda mpaka nikang'aa kama kitasa cha mlango. Simcheki yeyote. Walikuja kwa sababu walinipenda, na kombe lenyewe lilikuwa tamu.

Hospitali nako nilikwenda. Mama mmoja wa kule akanigusa nyuma ya sikio, akaniambia kuna mshipa wa fahamu unapita hapa kwenda usoni, kila upande na wake, na wangu wa kushoto umevimba umeshindwa kupitisha amri. Akanipa vidonge, akanipa na mazoezi ya kufanya mbele ya kioo: kuinua nyusi, kuvimbisha mashavu, kukenua, kufumba jicho. "Vioo unavyo, mzee, huna kisingizio," akaniambia.

Nilikuwa nacho. Nilifunga duka. Kosa langu lilikuwa hilo, mwanangu, wala halikuwa kuiga watu, ambalo ningelirudia kesho kama wateja wa siku hizi wasingekuwa wakali. Nilitangaza nimekwenda Maramba kusaidia shamba la wakwe, kumbe nimekaa humuhumu nyumbani, chumba cha nyuma ya duka, kanga ya mama yako kichwani, nasikiliza watu wakija kugonga. Nilijiaminisha kwamba mtu asiyeweza kucheka sawasawa hana ruhusa ya kukaa na wanaocheka. Huko uendako itakuja siku utajiona umepotoka namna fulani, ulimi haugeuki kama wa wenzako, au hujui wanacheka nini. Usije ukajivika kanga. Mimi niliivaa, inanuka vitunguu na haisaidii.

Aliyenitoa ni wewe. Ulirudi shule, ukaniona nilivyojifunika, ukanivuta mkono mpaka hapa kinyozini, ukapanda kwenye kiti cha kunyolea, ukageukia kioo ukanitolea ulimi. Nikakutolea wangu. Wangu ulikwenda upande. Ukacheka mpaka ukashika tumbo, na mimi, badala ya kuumia, nikaona raha ya ajabu, kwa sababu tangu nianguke uso wewe ndiye wa kwanza uliyenicheka hadharani. Wengine wote walinicheka kwa heshima.

Kuanzia hapo ukawa mwalimu, na mwalimu mkorofi. "Baba, nyusi! Baba, shavu! Mbona hilo halijavimba?" Ukagundua naiba, kwamba upande wa kulia ulio mzima unafanya kazi ya wawili ili nionekane nimejitahidi. Ukachukua taulo la kunyolea, ukaufunika upande mzima, ukasema, "Sasa cheka na huo uliobaki." Nikasukuma. Nilisukuma kama mtu anayesukuma gari lisilo na injini, hakuna kilichosogea. Jirani yetu akapita na ndoo yake, akamwita mama yako. "We Mama Saumu! Mumeo na mwanao wana nini? Wanakenuana tangu adhuhuri." Mama yako akamjibu kutoka jikoni, "Waache, wanasoma."

Duka lilifunguka kwa sababu ya yule mzee wetu wa msikitini, jina silitaji maana wajukuu zake bado nawanyoa. Aligonga, nikamjibu kutoka ndani kwamba kinyozi hayupo.

"Kinyozi hayupo, na anayejibu ni nani?"

"Mzee, nimepooza uso."

"Na mikono?"

"Mikono mizima."

"Basi fungua mlango. Mimi sinyolewi na uso."

Nikafungua. Hilo neno lake ningekuwa na uwezo ningeliandika juu ya mlango huu.

Akakaa. Wewe ukasimama pembeni umeshika taulo. Alikuwa ametoka kwenye hitma, wamelishwa kunde za nazi, na kunde za nazi, mwanangu, zina adabu mpaka zifike mahali fulani. Wembe uko shingoni kwake, kimya, redio imezimwa. Ukatoka mlio. Mrefu, wa taratibu, kama mtu anayevuta benchi chumba cha pili asitake kuamsha watoto. Mzee hakutikisika. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza hotuba ya Ijumaa. Mimi nikakutazama kwenye kioo, wewe ukanitazama, ukajijaza taulo mdomoni, machozi yanakutoka. Nikaomba kwa kila nilichosoma chuoni nisicheke, wembe usije ukateleza. Na hapo, nikiwa nazuia, ndipo pembe ya mdomo wa kushoto ikacheza.

Wewe ukalitoa lile taulo ukapiga kelele: "Baba! Lile! Lile limetoka!"

"Si mimi," akasema mzee, kabla hajaulizwa.

Ee Mungu wangu. Mpaka leo nikipita karibu na kaburi lake namsomea Fatiha, na nusu ya Fatiha nacheka.

Baadaye ulipokwenda chuo kikuu ukarudi likizo na maneno mapya, tukakaa barazani ukanieleza kisa hichohicho kwa kisomi. Ati hewa ile haikuwa ya mzee. Ni ya wadudu wasioonekana walio kwenye utumbo wake, wanaokula yale ya kwenye kunde ambayo yeye mwenyewe hawezi kuyasaga, na wakishakula hutoa hewa. Ati kila mtu anao, makabila kwa makabila, na zile jeni zao, yale maagizo ya urithi, ukizikusanya ni nyingi kuliko za mwenye tumbo mara nyingi sana. Nikakuuliza, "Kwa hiyo kwenye mwili huu mimi ndiye mpangaji?" Ukasema, "Baba, na kodi unawalipa kwa muhogo." Nilifurahi siku ile kuliko siku uliyovaa joho. Niliona nimezaa mtu wa kutaniana naye.

Basi nikapiga hesabu zangu za darasa la tano. Mzee akala kunde, wadudu wake wakafanya kazi yao, kunde zikasema, na uso wangu ukaamka. Aliyeniponya mimi alikuwa kwenye utumbo wa mtu mwingine. Wakikuuliza huko kwa nini umechagua kusoma wadudu wa matumbo, sema unalipa fadhila za familia.

Na lingine ambalo hutalikuta vitabuni mwao. Ulizaliwa mchana wa Ramadhani, mimi nimefunga. Mila unaijua: mtoto akishaadhiniwa, mtu mzima anatafuna tende, anamsugulia kidogo kwenye kaakaa, kitu cha kwanza cha dunia kiwe kitamu. Mwalimu akasema tungoje magharibi, yeye hatafuni mchana. Bibi yako akasema mtoto hangoji adhana. Nikajitokeza shujaa. "Nitatafuna miye, simezi." Nikatafuna. Nikakusugulia kwa kidole. Ukanyonya kidole changu kwa nguvu, macho umefumba, mimi nikashangaa jinsi mtu mdogo hivyo anavyoweza kung'ang'ania, na katika ule mshangao nikameza. Tende yote. Mwalimu akanitazama koo linavyoshuka. "Hiyo utailipa," akasema. Nimeilipa, na ile siku ndiyo pekee ambayo sijaijutia katika zote nilizowahi kula.

Uliponieleza kwamba mtoto mchanga huja hana wadudu wa maana, huwapata wa kwanza kwa mama yake akizaliwa, na kwa maziwa, na kwa mikono na vinywa vya wanaompokea, mimi nilikumbuka ile tende. Nikakuuliza kama na wangu wamo. Ukanijibu kisomi chako, "Wa mdomoni wengi hawafiki, Baba, hufia njiani." Sawa. Lakini wangu unawajua. Ni wakaidi.

Sasa twende kwenye ile jioni.

Unakumbuka ulivyonifafanulia kuhusu jicho langu la kushoto. Mshipa ule ulipoanza kupona ulichipua upya, na katika kuchipua, nyuzi nyingine zikapotea njia. Zilizotakiwa kwenda kwenye mate zikaenda kwenye machozi, kama fundi umeme aliyeunga swichi ya jikoni kwenye taa ya uani. Ndiyo maana nikitafuna, jicho linamwagika. Nimelia kwenye harusi zote za mji huu, kwa ajili ya pilau tu. Maharusi huona nina imani.

Jioni ile tulikuwa na bada la muhogo na mchuzi wa pweza. Ukaweka tonge chini, ukasema, "Baba, nafasi ya kusoma Udachini nimepata. Naondoka." La kushoto lilikuwa kazini tangu tonge la kwanza, halikuhusika. Halafu nikahisi joto upande wa pili, upande mzima, usio na kisingizio. Nikasema pilipili. Nikainuka nikaenda uani. Kumbe siku ile mama yako alisahau kutia pilipili, na wewe umekaa unaitazama sahani. Nimeshapata kudanganya, lakini kudanganya mbele ya ushahidi wote hivyo, ilikuwa mara ya kwanza.

Nikwambie lililoliliza jicho hilo. Ulivyosema "naondoka" ulipandisha nyusi, na nikamwona yule wa kwenye kiti cha kunyolea mwenye taulo mkononi. Nikawaza, sasa nani ataniona nikiiba? Basi. Hakuna zaidi. Lilikuwa jicho la mtu aliyekumbuka.

Sitaki uende, Saumu. Sikuandikii ili nikudanganye na hilo. Ningependa ukae hapa mtaani, uolewe karibu, nije kula kwako bila kualikwa. Lakini kutotaka na kukataa ni vitu viwili, na mimi nimewahi kuvichanganya nikapata hasara.

Babu yako hukumkuta. Nilipotoka Mwera kuja mjini kujifunza kunyoa, nilikwenda kumuaga asubuhi, yuko uani anafua nazi. Nikasimama nyuma yake. "Baba, naondoka." Hakugeuka. Akachukua nazi, akaikita kwenye kifuo, akaivua ganda, akachukua nyingine. Nilisimama nikisubiri uso wake, nikauona upande tu, mgumu kama hiyo nazi. Nikajisemea, basi, mzee amenikataa. Nikaondoka na hasira, na hasira ikanikalisha mjini, sikanyagi nyumbani, naiga nyuso za watu wengine, nikijiita bingwa. Nilipokuja kurudi alikuwa kitandani, hanijui vizuri.

Bibi yako ndiye aliyenisimulia. Kwamba siku ile nilipotoweka njiani, mzee aliendelea kufua. Akamaliza nazi za kuuza, akamaliza za kula, halafu akazivamia nazi za mbegu, zile zilizokwisha kutoa miche, zilizopangwa kivulini zingoje mvua. Alizifua zote. Mtu aliyezaliwa kwenye minazi! Bibi yako akamwambia, "Mume wangu, hizo ni za kupanda." Akazitazama kama mtu aliyeamshwa. Mwaka ule shamba letu halikupandwa mnazi hata mmoja, na watu wa Mwera walimcheka mpaka akafa, na hakumwambia hata mmoja kwa nini.

Ulinifundisha kwamba misuli ya uso si kama ya mkono, haikuumbwa kubeba gunia. Imeshikana na ngozi, kazi yake kuivuta huku na huku, mwenzako apate kujua lililo ndani. Nilikubali. Lakini mimi niliyeshika nyuso za watu maisha yangu yote, nikawajua hata kwa kidevu, uso wa babangu niliusoma vibaya. Sasa nakuona wewe, msomi, unataka kurudia kosa la kinyozi wa darasa la tano. Umeona jicho moja limelowa ukaandika hukumu nzima. Muulize bibi yako habari za nazi. Mpigie simu usiku huuhuu, kabla hujapanda basi.

Kwa hiyo radhi yangu hii hapa, kwa wino, mahali pasipo na shavu la kukuchanganya. Nimekuridhia. Nimekuridhia uende, nimekuridhia ukae huko mpaka umalize, nimekuridhia hata ukila vyakula vyao na wale wangu wa kwenye tende wakanung'unika. Wadachi walipokuja Tanga sidhani kama waliwaaga baba zao. Wewe umeaga, umewazidi.

Barua hii naiweka juu ya begi lako. Usije kunizungumzia usiku huu, nitaharibu kwa mzaha.

Kesho stendi nitakuja na mahamri mfukoni, na nitakuwa natafuna tangu tunafika mpaka basi liondoke. Mama yako atanigombeza, utamsikia, "Mwanao aondoka, weye wala!" Mwache. La kushoto litamwagika kama kawaida yake, usilishughulikie. Na ukiona jicho zima nalo linalia, usishuke. Liache, ni langu, linajua linalofanya.

Ukishakaa, sogea dirishani unifanyie mazoezi. Nyusi, shavu, halafu ulimi. Watu wa kwenye basi wakikuangalia waambie unasoma. Mimi nitakujibu. Upande mzima utafika kwanza. Wa kushoto unachelewa, unaujua, una safari ndefu. Usigeuze uso kabla haujafika.

Babako,
kinyozi